Jezi za Kijani za Nyange

Harufu ya msimu ule ni ya sabuni ya mche iliyoyeyushwa kwenye maji ya moto, pamoja na buluu ambayo mama aliifunga kwenye kitambaa na kuitikisa ndani ya beseni mpaka maji yakabadilika rangi. Kila baada ya mechi alifua jezi ya kaka yangu Mutalemwa. Jezi ilikuwa nyeupe, na udongo wa Buhembe ni mwekundu. Mvua za mwisho wa mwaka zikinyesha, udongo huo unaingia kwenye uzi wa nguo na hautaki kutoka. Mama alisugua, akasuuza, akasugua tena, kisha akaianika juu ya mibuni nyuma ya nyumba. Ilikauka polepole, ikabaki na harufu ya moshi wa jikoni na ya majani mabichi. Kila nyumba yenye mchezaji ilikuwa na kazi hiyo hiyo, na siku za jua ungeweza kupita mtaani ukajua, kwa kutazama mibuni tu, ni nani anacheza na ni nani amewekwa benchi.

Timu yetu iliitwa Nyange, kwa sababu ya weupe huo. Uwanja ulikuwa chini karibu na bonde, na mtu akisimama juu ya mteremko aliwaona wachezaji kama wale ndege wanaofuata ng'ombe malishoni. Baba alikaa huko juu siku zote, juu ya majani makavu ya migomba aliyoyakunja vizuri, na mimi nilikaa kando yake. Watu walimwita Ta Zakaria. Alikuwa mkulima, na katika kanisa letu la Kilutheri alikuwa mzee wa kanisa aliyesoma somo karibu kila Jumapili. Kibanja chake alikijua mgomba kwa mgomba. Alitembea ndani yake bila kujikwaa hata giza likianza kuingia.

Mwaka ule nilikuwa darasa la tano, na baba alianza kunisomesha jioni. Nilimsomea magazeti ya zamani yaliyofungiwa sukari, maandishi ya kwenye pakiti ya dawa ya kahawa, na hasa somo la Jumapili, ambalo nililirudia mpaka likanichosha. "Soma tena, Koku," alisema. "Nataka usikwame popote." Nilikuwa na ndugu wengine waliojua kusoma, lakini alinichagua mimi. Nilichukua jambo hilo kuwa ni kipimo cha akili yangu. Shule yangu iliishia darasa la saba, na mengine yote niliyoyajua baadaye nimejifunza mwenyewe, kwa vitabu vilivyonunuliwa mjini kimoja kimoja. Nilipochoka nilijiambia kwamba baba aliniona mapema.

Jezi mpya zilitoka kwa Ta Kaijage. Alizaliwa Buhembe, akaenda Muleba kufanya biashara ya samaki, na wakati huo alikuwa na mitumbwi kadhaa katika kisiwa cha Bumbire. Mitumbwi yake yote ilipakwa kijani kilichokoza, rangi ya jani la mgomba uliokomaa, na jezi alizotuahidi zilikuwa za rangi hiyo hiyo. Aliwapa watu nafasi ya kusema, kwa hiyo Jumapili moja baada ya ibada tulikusanyika uwanjani. Sijawahi kusikia watu wazima wakizungumzia rangi kwa muda mrefu namna ile. Rutta, fundi baiskeli, ambaye kwa kelele alikuwa shabiki wa kwanza mtaani, alisimama akauliza, "Nyange gani wa kijani? Mmemwona wapi? Atatoka kwenye yai gani?" Watu wakacheka. Mwingine akasema kijani ni heshima ya kibanja. Kijana mmoja akataka nyekundu, akaambiwa nyekundu anayo tayari bure, akaanguke tu uwanjani. Ndipo mama, ambaye hakuwa na desturi ya kusema mbele ya wanaume wengi, akasema akiwa amekaa, "Anayetaka nyeupe aje afue." Wanawake walipiga vigelegele, na kwa kweli mjadala uliishia hapo.

Baba peke yake aliendelea. Alisimama mara ya pili, jambo lisilokuwa kawaida yake, akasema, "Nyeupe inaonekana." Ta Kaijage akamjibu kwa adabu, "Waitu, Ta Zakaria, hata kijani kinaonekana." Baba akarudia, "Nyeupe inaonekana," kisha akakaa. Watu waliondoka wakisema kwamba mzee ana lake moyoni na Kaijage, pengine wivu, pengine jambo la mipaka ya shamba. Njiani mama alimuuliza anataka nini. Akasema hataki kitu.

Jezi zilikuja ndani ya mifuko ya plastiki, zikinuka mafuta na kiwanda. Mechi ya kwanza kuzivaa ilikuwa dhidi ya vijana wa Rwamishenye. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kijani wanaoliwa, na watu walikuja na senene waliokaangwa, wamewafunga kwenye vipande vya jani la mgomba. Timu ya Rwamishenye iliposikia kwamba tumeacha nyeupe, iliazima jezi nyeupe kwa makusudi, ikaingia nazo uwanjani. Mashabiki wao walianza kuimba kabla mpira haujaanza. "Senene! Senene wa kijani hao!" Mmoja alipaza sauti kutoka upande wa pili: "Jana mlikuwa nyange, leo ni chakula cha nyange!" Rutta akamrushia kipande cha jani.

Karibu na mapumziko mchezaji wao mmoja alipata mpira pembeni, upande ambao Mutalemwa alizoea kucheza, akawapita mabeki wetu wawili na kufunga. Upande wetu wote ulinyamaza. Katika ukimya huo baba aliinuka na kupiga makofi. Aliinua mikono yote miwili juu akasema kwa sauti ya kanisani, "Vizuri sana, mwanangu! Vizuri!"

Nilimvuta koti. Aligeuka kunitazama, na macho yake yalipita juu ya kichwa changu kidogo, yakasimama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Rutta alikuwa ameshafika. "Ta Zakaria! Umetuuza kwa sababu ya rangi ya shati?" Wengine walisogea. Baba alisikiliza shangwe zinatoka upande gani. Niliona alipoelewa. Kisha akasema, "Ameucheza mpira vizuri. Mpira mzuri unashangiliwa." Akakaa chini. Waliuita usaliti, na yeye aliukubali usaliti huo mbele ya watu wote, akaubeba mpaka nyumbani. Jumapili iliyofuata baadhi ya watu walimpa mkono kwa ncha za vidole. Alisoma somo la siku hiyo neno kwa neno, akifungua ukurasa pale pale panapotakiwa, kwa kuwa nilikuwa nimeweka jani kavu katikati yake.

Mutalemwa hakula jioni ya mechi ile. Alikuwa ameambiwa kule kule uwanjani kwamba baba yake mzazi amemshangilia adui. Nilimkuta nyuma ya jiko, nikamwambia habari ya baba.

"Tata haoni."

"Nani kasema?"

"Alidhani ni wewe. Anaona kitu cheupe tu."

"Tangu lini?"

Nilifikiri, nikajibu, "Tangu nilipoanza kumsomea." Ni katika kulisema neno hilo ndipo nilipolisikia mwenyewe. Sikulia. Nilichukua kisu nikaendelea kumenya ndizi, kwa sababu zilikuwa hazijaisha.

Mutalemwa alitaka kumuuliza, mama akamkataza. Yeye alijua siku nyingi. Alisema ikijulikana kwamba baba haoni, ataondolewa kwenye kusoma kanisani, na atapewa fimbo na mtoto wa kumshika mkono, na bado hajawa tayari. "Muacheni aseme mwenyewe," alisema. Hakusema, wala sisi hatukusema.

Katika mechi iliyofuata Ta Kaijage alikuja kutoka Muleba kutazama zawadi yake ikichezewa. Aliwekewa kiti. Timu iliingia na kijani chake, na nyuma kabisa akaingia Mutalemwa, amefunga kichwani kitambaa cheupe cha mama, kile cha kwenda kanisani. Mwalimu aliyewafundisha mpira alimwita pembeni. Mutalemwa akasema jasho linamwingia machoni. Watu walicheka, Rutta akamwita bibi harusi. Mpira ukaanza.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa kama alivyokaa tangu siku ile. Baada ya muda mfupi aliinua uso. Kichwa chake kilianza kugeuka taratibu, kushoto, kulia, kikirudi, kikikimbilia goli na kusimama. Sikumwambia lolote. Mara akakunja uso akasema, kwa sauti ya chini na ya kulalamika, "Anakaa pembeni mno. Mwambie aingie ndani." Ndiyo maneno pekee aliyoyasema kuhusu mpira wa Mutalemwa msimu ule wote.

Wakati wa mapumziko Ta Kaijage aliinuka kwenye kiti. Hakupiga kelele. Alimuuliza mwalimu kama jezi zake hazitoshi mpaka wachezaji waongeze rangi ya zamani juu yake, na kama huyo si mtoto wa yule mzee. Mwalimu akamwambia Mutalemwa avue kitambaa au atoke. Tulikuwa mbali, lakini niliona jinsi alivyosimama mikono kiunoni, akaangalia juu kwetu, kisha akavua jezi badala ya kitambaa. Aliikunja vizuri, akaiweka juu ya nyasi na kuondoka kifua wazi.

Kipindi cha pili kilipoanza, baba alitafuta. Kichwa kilikwenda kushoto, kikaenda kulia. "Yuko wapi?"

"Ametoka."

"Ameumia?"

"Hapana, Tata."

Tulikaa mpaka mwisho, kwa sababu tungeondoka mapema watu wangetaka kujua kwa nini.

Mutalemwa hakurudishwa timuni. Baada ya Krismasi alikwenda Bumbire kuvua katika mitumbwi ya mtu mwingine, na tangu hapo alirudi nyumbani kwa misiba na harusi tu. Baba aliendelea kusoma kanisani mpaka siku alipopewa somo lililobadilishwa asubuhi ile. Alilifungua, akasimama nalo kwa muda mrefu, akalifunga na kurudi kukaa. Hospitalini mjini walisema ni presha ya macho, na kwamba kilichokwisha kupotea hakirudi. Amefariki miaka mingi sasa. Hatukuwahi kuzungumza naye habari ya jezi.

Mimi bado niko Buhembe. Macho yangu hupimwa kila mwaka, kwa sababu nilisoma kwamba ugonjwa ule hurithiwa katika ukoo. Mpaka sasa ni mazima. Nyange bado wapo, na mwezi uliopita vijana waliamua kubadilisha jezi. Hakukuwa na mkutano uwanjani. Waliweka picha kwenye kundi la simu, nyeupe, machungwa na zambarau iliyokoza, wakatutaka tupige kura. Maoni yalikuja mfululizo kutoka Bukoba, Muleba, Mwanza, Dar es Salaam. Nyeupe ni ya madaktari. Machungwa ni ya wafanyakazi wa barabara. Zambarau ina hadhi, inapendeza kwenye picha. Hakuna aliyetaja kufua. Siku hizi jezi zinapelekwa kwa mwenye mashine Rwamishenye. Hakuna aliyeuliza pia kwa nini timu inaitwa Nyange. Zamani mtu alitoa maoni akiwa amesimama, na tuliona uso wake hata kama hatukuelewa. Sasa tunaona vidole gumba. Sisemi kipi ni bora. Hata zamani hizo, tulimwona baba akisimama mara mbili na hatukujua kitu.

Mutalemwa yumo kwenye kundi. Anauza nyavu Muleba na haandiki mara kwa mara. Siku ya pili ya kura, katikati ya vichekesho, aliandika sentensi moja: "Iwe inayoonekana kwa mbali." Kijana mmoja akamjibu, "Umenena, mzee! Hata kwenye picha itatoka poa." Wengine wakaweka vidole gumba. Niliisoma, nikaiweka simu dirishani, nikaendelea na kazi yangu.

Zambarau ilishinda. Jumamosi nilikwenda kutazama, nikakaa juu ya mteremko, kwenye kiti cha plastiki. Jua lilikuwa limejificha na nyasi zilikuwa ndefu. Niliwaona wachezaji wote, lakini ilibidi nikaze macho. Upande wangu wa kulia walikaa wazee wachache, na mmoja wao alikuwa ameinamisha kichwa. Huenda alikuwa amelala. Sikwenda kumuuliza.

Jioni nilimwandikia kaka: "Wamechagua zambarau."

Akajibu, "Sawa."