Sikio la Kushoto Lisiguswe

Niliondoka Tanga mwaka 2017 kwa sababu nilikuwa nikiyumba barabarani kama mlevi, na pombe sijawahi kuonja. Sikio la kulia lilikuwa limeshakufa, la kushoto likivuma. Madaktari wa Dar walikuta uvimbe kwenye mishipa ya kusikia, huku na huku. Mdogo wangu Mwanaidi, msusi huko Johannesburg, akasema niende kwake nikatibiwe.

Ndani ya ndege wenzangu walilalamika kwamba masikio yamewaziba. Mimi sikuona tofauti.

Yeoville, mtaani kwake, tukivuka barabara, Mwanaidi alinivuta mkono. "Eish, kaka, robot bado nyekundu! Husikii honi?" Robot ndizo taa za barabarani kwa lugha ya huko. Honi niliisikia. Upande inakotoka ndio sikuujua.

Hospitalini, Mwanaidi akitafsiri, daktari alieleza kwamba uvimbe wa kulia umekuwa mkubwa, unasukuma ubongo, lazima utolewe. Wa kushoto ni mdogo. Kuugusa ni kuhatarisha usikivu wote niliobakiwa nao, kwa hiyo utapigwa picha kila mwaka.

"Na ukikua?"

"Ndiyo maana anasema ujifunze kusoma midomo sasa, kaka, ungali unasikia."

Nilikuwa nimekuja kuchukua masikio mawili mazima. Niliogopa sana, nikaitikia kwa kichwa.

Kuitikia ndio uliokuwa ugonjwa wangu mwingine. Niliona haya kumwambia mtu arudie maneno, hivyo kila kitu nilikijibu naam. Siku moja kabla ya upasuaji, Mama Furaha, Mkongomani mwenye saluni pamoja na Mwanaidi, alinisemesha huku mashine za kukausha nywele zikinguruma. Nikajibu naam. Akaninyoa kichwa kizima, akanitinda na nyusi.

Upasuaji ulikwenda salama. Wiki za kupona nilitembea kwa kushika ukuta na kushinda saluni. Msusi husimama nyuma ya mteja, na kelele ni nyingi, kwa hiyo wao huzungumza wakitazamana kwenye kioo, na umbea haupotei hata neno. Mama Furaha akaniketisha mbele ya kioo.

"Papa, angalia kinywa yangu. Minasema nini?"

"Naam."

"Hapana naam! Kama haujasikia, useme haujasikia."

"Sijasikia."

"Voilà. Sasa tunaanza."

Nilirudi Tanga nikijua siri za nusu ya Yeoville. Mke wangu, Zaina, alinipokea mlangoni, akisema huku ameziba mdomo kwa ncha ya kanga, kama afanyavyo akitaka kulia. Nikamwomba aishushe. Nikamweleza kwamba sikio lililobaki huenda nalo likaondoka, na kwamba tangu leo tutagombana uso kwa uso. Kisha nikaliziba kwa kidole, nikamwambia aseme lolote.

Alisema, "Umekonda, baba. Ingia ndani, chakula kinapoa."

Nilielewa kila neno. Sauti yake ndiyo sikuipata. Nikaondoa kidole upesi, nikamwambia aendelee kusema chochote, hata cha kunisuta.