Mama Kabula Alipodai Kuiona Mashine

Mwanangu, nilipokuwa na umri wako liko swali lililoninyima usingizi wiki nzima: kama mashine ipo, mbona hakuna aliyeiona?

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, na kampuni moja ya Kahama ikanipa ukatibu. Iliuza hisa za mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, iliyosemekana imeshasimikwa kijijini Segese. Kila Jumatatu mkurugenzi alipandisha bei, na alivyoipandisha ndivyo foleni ilivyorefuka. Watu hawakuuliza mashine inasaga nini. Waliuliza nani mwingine amenunua. Kila cheti cha hisa kilikuwa na sahihi yangu. Nilijiambia mkurugenzi anajua. Kisha nikajiambia labda naye hajui. Kisha nikanywa chai, nikasaini vingine.

Asubuhi moja akaja Mama Kabula, mjane wa Ushetu aliyeuza mitamba wawili ili anunue hisa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Nimekuja kumwona ng'ombe wangu."

"Mama, hapa tunauza hisa."

"Najua. Nimebakiza mitamba watatu, na shemeji zangu wananihimiza niwauze nao, ninunue tena. Lakini kwetu, nikimpa mtu ng'ombe anitunzie, naenda kumwona. Akifa, naletewa ngozi. Sasa wewe msomi, nionyeshe mashine, au niletee ngozi yake."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Tukapanda basi hadi Segese. Mahali palipotajwa kwenye vyeti tulikuta sakafu ya saruji, na juu yake mtu ameanika mpunga. Kando ya sakafu hiyo mchimbaji mmoja alikuwa akitwanga mawe kwenye kinu cha chuma. Nikamwuliza mashine iko wapi.

"Labda ndiyo mimi," akasema. "Hebu nikague, bosi." Wenzake wakaangua kicheko.

Njiani kurudi niliwaza mno: kazi, mama yangu aliyenitegemea, polisi, zile sahihi. Mama Kabula alisema jambo moja tu.

"Shemeji zangu walinunua kwa kunifuata mimi. Na mimi nilifuata sahihi yako."

Jumatatu, kabla dirisha la kuuzia hisa halijafunguliwa, nikasimama mbele ya foleni na kitabu cha vyeti kwapani. Nikawaambia mashine haipo, nimekwenda nikaona mpunga, na kwamba nilisaini bila kuona. Wengine walinitukana, walidhani nawafukuza ili ninunue mwenyewe. Nikakipeleka kitabu kituo cha polisi kwa miguu, Mama Kabula akitangulia.

Wale mitamba wawili hawakurudi, mwanangu, sitakudanganya. Watatu walibaki zizini.

Kwa hiyo ukiitwa ununue kitu kwa sababu wote wananunua, nenda kwanza ukakione. Na ukiombwa sahihi, kumbuka kuna mtu ataifuata bila kukuuliza. Usisubiri woga uishe. Mimi wangu haukuisha, niliondoka nao hivyo hivyo. Mungu akupe miguu ya kwenda kuangalia, na zizi lako lisipungue.