Mkono wa Gia wa Jirani

Mimi ni fundi wa Bukavu, na kiburi cha ufundi hakikunitoka hata nilipofika Louisville nikawa mpanga maboksi ghalani.

Jirani yangu hapa Highview, mzee mjane, ana gari la miaka ya sitini, la injini kubwa na gia za mkono. Aliyeliendesha siku zote ni marehemu mkewe. Vyuma viwili vinavyounganisha mkono wa gia na giaboksi vilikuwa vimekatika. Mzee alitaka kuliendesha mara moja tu kabla macho hayajamzimikia. "Lakini kila kitu kiwe kilekile cha mwanzo," akaniambia.

Kwetu ningekata nondo, nikachomelea, gari likaondoka kabla ya adhuhuri. Yeye hakutaka kusikia habari za nondo. Nikahangaika miezi minne. Rafiki yangu wa Columbus alinitumia vyuma vya gari jingine, vifupi kwa vidole viwili, nami nikamkwepa mzee kama mwizi wa kuku. Hatimaye shemeji yangu akapiga simu kutoka Buffalo, karibu na barabara ya Bailey, kwa Kiswahili chetu cha Kongo: "Shemeji, bon, ile vyuma iko huku. Iko na kutu, lakini njo yenyewe."

Nikavifuata mwenyewe, siku nzima kwenda, siku nzima kurudi. Vikakaa sawasawa, na gia zote nne zikaingia.

Sasa, kwetu fundi harudishi kazi chafu. Mteja akute kitu kinang'aa, ajue umemheshimu. Nikaufungua mkono wa gia wenyewe, nikaupiga msasa, nikaung'arisha hadi nikajiona uso. Mke wangu akapita. "Donc, hiyo nayo alikutuma?"

"Ni zawadi," nikamjibu. Kiherehere changu!

Mzee aliketi, akaupapasa mkono wa gia kwa kidole gumba, akapapasa tena, polepole. Akauliza mikwaruzo iko wapi.

"Mikwaruzo gani?"

"Ya pete yake. Aliivaa mkono wa kulia."

Nilitamani anitukane. Akanishukuru, akawasha gari, akatia gia ya kwanza, kisha akazima. "Labda kesho," akasema.

Hajaliendesha mpaka leo. Kile kipande cha msasa kiko kwenye droo yangu, na unga wa chuma bado umekishika. Siwezi kukitupa, wala siwezi kumpelekea.