Cha Mkubwa Hukaa Mlangoni

Watu walimwita Sindano, na si kwa sababu ya kazi yake ya ushonaji tu. Alikuwa na ulimi unaochoma, na hakuna aliyechomwa mara nyingi kuliko shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe, ambaye ukoo mzima ulimwita Mwenyekiti. Mwenyekiti wa nini, usiulize. Akiona viti viwili, kimoja hukikalia na cha pili hukiongoza.

Dharau hiyo ilianza siku ya posa, Sindano alipochungulia dirishani akamwona bwana yule akipanga viatu vya wageni mlangoni kwa kufuata umri wa wenyewe. Alijiambia kwamba mtu huyu ama ana wazimu, ama hana kazi. Miaka ikapita, na bado hajapata sababu ya kubadili maneno.

Sasa mama mkwe alikuwa anahama. Alikuwa amezeeka, nyumba kubwa ikamshinda, akakubali kwenda kuishi kwa Sindano na mumewe. Sindano alimwandalia chumba kwa kuwahamishia mabinti zake wawili sebuleni. Mama alitoa sharti moja tu: kabati lake la mbao nzito, lenye milango ya vioo, ambalo marehemu mumewe alilitengeneza kwa mikono yake walipooana.

“Likivunjika, mnirudishe,” alisema. “Nitakufa humu humu na panya wangu.”

Sindano alimwahidi kwamba litafika. Hakuwa mtu wa kugawa ahadi ovyo, lakini katika ukoo ule wote, mama huyu ndiye pekee ambaye hakuwahi kumdharau.

Mumewe aliazima tela la bati, lenye paa na mlango mmoja wa nyuma, akalifunga kwenye pikapu. Hapo ndipo Mwenyekiti alipojitokeza uani, mikono nyuma, tumbo mbele.

“Katika familia hii mkubwa hashushwi baada ya mdogo,” alitangaza. “Kwa hiyo cha mdogo kitangulie ndani, cha mkubwa kikae mlangoni.”

Basi magodoro, mito na vikapu vya nguo vikasukumwa mbele kabisa. Nyuma, mlangoni, likawekwa kabati la mama, na ubavuni mwake mali za Mwenyekiti mwenyewe: jenereta lililokufa zamani, viti vya chuma vya kamati iliyokwisha kuvunjika, na maboksi ya vigae vilivyobaki alipojenga choo. Alikuwa anahamishia takataka zake kwa mdogo wake, halafu anaita hilo kumsindikiza mama. Tela likainua pua, na matako ya pikapu yakanyanyuka nayo.

Sindano alimfuata mumewe jikoni. “Lile tela limekaaje?”

“Vibaya,” mumewe alijibu. Alikuwa dereva tangu ujana. “Vizito vinatakiwa katikati, juu ya magurudumu, na kidogo vielemee mbele. Mkia ukiwa mzito linayumba, na likiyumba linaburuta gari.”

“Kamwambie.”

“Ni kaka.”

Sindano alimtazama kama nguo iliyokatwa bila kupimwa. Alimpenda mume huyu, lakini siku nyingine kumpenda kulimchosha. Akaenda mwenyewe.

“Shemeji, mkia umezidi uzito. Kabati na hivyo vigae vihamie katikati.”

“Sikio halizidi kichwa, Sindano.”

“Kichwa chenyewe kikiwa na kitu ndani, shemeji.”

Wapagazi waliinama kuficha kicheko. Mwenyekiti hakuona cha kuchekesha. “Asiyesikia la mkuu huvunjika guu,” alisema, akabamiza mlango wa tela kwa mkono wake mwenyewe. Mama mkwe, aliyekuwa kibarazani, aliona yote.

Safari ilikwenda vizuri mpaka kwenye mteremko. Mwenyekiti, aliyekaa mbele kama mgeni rasmi, Sindano na mama wakiwa kiti cha nyuma, alikuwa anamhimiza mdogo wake akanyage mafuta. Tela likaanza kutikisa mkia, kwanza kidogo, kisha likaivuta pikapu nzima huku na huku. Lori lilikuwa linakuja mbele likipiga honi. Mume wa Sindano aliondoa mguu kwenye mafuta, akashika usukani kwa mikono miwili, na walisimama nusu barabarani, nusu kwenye majani.

Walifungua mlango wa tela. Kioo kimoja cha kabati kilikuwa vipande, na mguu wake mmoja ulikuwa na ufa.

“La mkuu tumelisikia, shemeji,” Sindano alisema. “Na guu ndilo hilo.”

“Ni upepo,” alisema Mwenyekiti. “Tupange upya. Magodoro kwanza.”

Mama alimgeukia mwanawe mdogo. “Litafika hivi?”

“Hivi halifiki, mama. Na likihamia katikati, hivi vingine havina pa kukaa.”

Mama akamtazama Mwenyekiti. “Kwenu mkubwa hushushwa wa kwanza, au nimesikia vibaya?”

“Ndivyo, mama. Ni heshima.”

“Basi umeshashuka. Vyako navyo vishuke.”

“Nibaki hapa, mama? Barabarani?”

“Viti unavyo.”

Safari hii mume wa Sindano hakumwuliza kaka yake neno. Alishusha vigae, jenereta na viti, akalisogeza kabati juu ya magurudumu, akalizungushia magodoro. Pua ya tela ikashuka. Walipoondoka, Mwenyekiti alikuwa amekaa kwenye kiti cha chuma, mgongo umenyooka, maboksi yake yamemzunguka kama wajumbe.

Sindano alicheka mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

“Usimcheke,” mama alisema kando yake. “Mimi ndiye niliyemlea hivyo. Nilimpakulia yeye kwanza, wenzake wakala kilichobaki.” Kisha akamgeukia Sindano. “Nasikia wasichana wako umewahamishia sebuleni.”

“Ndiyo, mama. Ili upate chumba.”

“Na kaka yao mkubwa, analala wapi?”

Sindano alitazama nje ya dirisha. “Ana chumba chake,” alisema.

“Haya,” alisema mama.