Hadithi Haisimuliwi Mchana

Nilipokuwa mtoto, adui yangu mkubwa alikuwa jua la mwezi wa sita. Anayeijua Birmingham atacheka, maana mji huu watu wanaulalamikia kwa mvua, si kwa jua. Lakini mimi sikugombana na joto lake. Nililichukia kwa sababu halikutaka kuzama. Mama ananiamuru nikalale saa mbili, saa ambayo kwa Kiswahili ni ya usiku, na nje kwenye mtaa wetu wa Handsworth bado kweupe pe, watoto wa jirani wanapiga mpira, na bibi yangu ananitazama kwa huruma huku akitikisa kichwa. Bado mchana. Hakuna hadithi.

Bibi huyo alikuwa mama mzazi wa baba yangu, nasi tulimwita Koko, kama Wakongomani wengi wanavyowaita bibi zao. Alitoka nasi Uvira, tukakaa naye kambini, tukaja naye Uingereza. Miiko yake alikuja nayo yote. Usipige mluzi ndani ya nyumba. Usifagie taka nje jioni. Na mkubwa kuliko yote: usisimulie hadithi mchana, kwani ukifanya hivyo mama yako atapotea njia asirudi nyumbani. Mama, ambaye alikuwa mtu wa kanisa hasa, alimwambia siku moja kwamba huku Ulaya mambo hayo hayafiki.

"Yalifika," Koko akamjibu. "Tulipanda nayo ndege moja."

Majira ya baridi nilikuwa tajiri. Giza linaingia mapema alasiri, nimetoka shule, hata koti sijavua, na Koko tayari amekaa karibu na mashine ya joto ananingoja na sungura wake mjanja na fisi wake mlafi. Kufikia saa ya bugali nimekwisha kula hadithi za kutosha. Kisha siku zinarefuka, na kidogo kidogo nafilisika.

Mwaka ule, nikiwa mtoto wa shule ya msingi, mwezi wa sita ulileta jambo jingine. Kwa Waingereza kuna Jumapili moja ya kuwashukuru akina baba, na darasani tukapewa karatasi ngumu na gundi tuwatengenezee kadi. Mwalimu, mama mpole kabisa, akaninong'oneza kwamba naweza kumtengenezea mjomba. Sikutaka mjomba. Nilitaka kuandika kitu juu ya baba yangu, nikagundua kwamba sina hata neno moja. Nilitengana naye nikiwa mgongoni. Nikimuuliza Mama, huanza kuosha vyombo ambavyo vimekwisha kuoshwa. Kwa hiyo nikamwendea Koko.

"Koko, baba yangu alikuwa namna gani?"

"Hiyo ni hadisi murefu, mutoto yangu. Ngoja giza iingie."

"Giza haiingii, Koko!"

Akalitazama dirisha kama mtu anavyomtazama mgeni asiyeaga.

Nilimsumbua siku kadhaa. Mwenye haja haoni haya, na haja yangu ilikuwa kubwa. Kisha alasiri moja nikarudi kutoka shule nikamkuta amepanda juu ya kigoda, mdomoni ameshika pini, anatundika kitenge chake kizito kwenye dirisha la sebuleni. Kingine alikuwa amekwisha kukitundika kwenye kioo cha mlango. Chumba kilikuwa na giza la rangi ya kahawia, la uongo kabisa.

"Ikala," akasema, akinionyesha mahali pa kukaa. "Leo tutadanganya jua kidogo."

Alianza vilevile alivyoanza za sungura. Kulikuwa kijana mmoja Uvira. Kijana huyo alikuwa na pengo mbele, na kwa pengo hilo alipiga mluzi hadi ndani ya nyumba, akichapwa anacheka. Alitengeneza redio za watu. Akimaliza kuitengeneza redio hairudishi mara moja. Anakaa nayo siku mbili tatu asikilize mpira, halafu anamwambia mwenyewe kwamba ilikuwa na ugonjwa mzito. Alimpakia mama yake kwenye baiskeli kumpeleka kanisani, wakaanguka wote wawili kwenye shamba la mihogo la mchungaji, na mama yake akaingia ibadani na majani kichwani. Akila samaki, alianza na kichwa. Binti mmoja alipomkataa mara ya kwanza, kijana akaiharibu kwa makusudi redio ya baba yake binti, ili aitwe kuitengeneza.

"Binti huyo ni Mama?"

"Usiingilie hadisi."

Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Sijui kama niliwahi kuwa na furaha ya namna ile tena. Kisha sauti ya Koko ikapungua. Vita ikaja mjini. Kukawa na lori, na lori limejaa. Kijana akambeba mama yake, akampandisha juu, akamwambia, "Tangulia, Mama. Miye nakuya."

"Halafu?"

Koko akavua miwani akaifuta kwa kanga. Akaifuta muda mrefu. Hapo ndipo sote wawili tulipotambua kwamba Mama hajarudi.

Mama alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba za wanafunzi kule Selly Oak. Hurudi kwa treni hadi katikati ya mji, halafu anapanda basi la Soho Road, na kwa kawaida huingia wakati mimi nakula. Siku hiyo saa ya kula ilikuwa imekwisha kupita nasi tuko kwenye hadithi, simu yake inaita bure, kisha ikaacha hata kuita. Koko alikivuta kile kitenge kwa nguvu hata pini zikaruka. Jua likamwagika ndani. Akakaa kwenye ngazi akisali, na katikati ya sala akawa anajigombeza mwenyewe: "Nilijuaka. Nilijuaka, na nikafanya." Mimi nilikuwa natafuna mkono wa sweta. Nilikuwa nimempata baba kwa alasiri moja, na sasa nilidhani nimemlipia kwa mama.

Mama aliingia jua likiwa bado juu ya mapaa. Alikuwa amepitiwa na usingizi kwenye treni, ikambeba hadi Lichfield, mwisho wa njia, simu imezimika.

"Ma chérie, leo nimepotea!" akaniambia mlangoni, akichanganya na Kifaransa chake cha kunibembeleza, anacheka kwa uchovu. "Nimepotea kabisa, quand même!"

Hakuelewa kwa nini Koko alipiga magoti akamshika miguu.

Baada ya hapo sikuuliza tena, nikangoja baridi. Baridi ikaja, na giza likaja tele, la bure. Nikakaa mbele ya Koko. Akanipa sungura. Akanipa fisi. Nikamuuliza habari za yule kijana wa redio, naye akasema, "Ule angali njiani." Mwaka uliofuata ni hivyohivyo, na uliofuata. Nami nilimwamini. Nilikuwa nikisimama kituo cha basi nikiwatazama wanaume wanaoshuka, namtafuta mwenye pengo.

Koko alifariki nikiwa binti mkubwa, niko chuo. Wageni wa msiba walipokwisha kuondoka, Mama aliniita jikoni. Ilikuwa saa sita ya mchana na jua la baridi linapiga kwenye meza.

"Keti nikuambie ya baba yako."

Mimi niliyekuwa nasoma sayansi, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mama, ni mchana."

"Hii haiko hadisi," akasema. "Hii ni habari. Habari inasemwaka saa yote."

Habari yake ilikuwa fupi. Kwenye lori, ambako Mama alikuwa amekwisha kupanda nami mgongoni, ilibaki nafasi moja, na ilikuwa ya baba. Alimpa mama yake. Hatujamaliza hata wiki kambini, jirani akafika akiwa amemzika kwa mikono yake. Koko aliisikia habari hiyo amesimama pembeni ya Mama. Akasema hakuna kilio kitakachokaliwa, kwani mwanawe alisema anakuja. Mama akamheshimu. Alimheshimu mpaka siku aliyomzika.

Nilimkasirikia Koko kwa muda mrefu. Sasa siwezi. Ule mwiko aliokuja nao kutoka kwao ulikuwa kibanda alimomficha mwanawe. Maadamu hadithi haijaisha, kijana yuko barabarani. Na yote niliyo nayo ya baba yangu, pengo, baiskeli, ulaghai wake wa redio, nilipewa na yeye chini ya kile kitenge. Natamani angenidanganyia jua mara kumi zaidi. Natamani kuisikia sauti yake ikisema "usiingilie". Kuna vitu vya utoto wa baba ambavyo yeye peke yake alivijua, na vimekwenda naye, na hakuna wa kumuuliza.

Siku hizi nakaa Stechford na binti yangu Ester. Kiswahili anakisikia chote, lakini hunijibu Kiingereza, nami nimechoka kugombana naye. Jumamosi moja, adhuhuri, tunakunja nguo, nikamsimulia yule kijana tangu mwanzo. Alicheka kwenye redio. Alicheka zaidi kwenye mihogo. Tulipofika kwenye lori akaacha kukunja.

"Did he come back?"

Nilitazama dirishani, nikahisi jinsi ilivyo rahisi kusema bado yuko njiani.

"Hapana," nikasema. "Alikufa. Hakufika."

Ester akaweka soksi chini. Akawa kama anayetafuta neno ambalo Kiingereza chake hakina. Kisha akanishika mkono.

"Pole, Mama."

Hakuna aliyewahi kunipa pole ya baba yangu. Nililia pale juu ya nguo safi, mwanamke mzima, nimefiwa siku hiyohiyo.