Rutuba ya Mwandu Imekwenda Wapi?

Mwandu wa Mwamanyili hakuwa na ng'ombe. Wale wa mumewe waligawanywa baada ya msiba, kila ndugu akaondoka na wake, yeye akabaki na shamba. Hakulalamika. Shamba hilo lilimlisha yeye na binti yake, Jenifer, na miaka mingine lilibakiza cha kuuza.

Msimu ule mahindi yalipofika magotini yakaanza kugeuka manjano, kuanzia majani ya chini kwenda juu. Kungekuwa na ukame angelaumu jua, lakini mvua ilinyesha vizuri. Na ng'ambo ya njia, kwa jirani yake Luhaga, mahindi ya mbegu ileile yalikuwa ya kijani kilichokolea mpaka kikakaribia weusi. Wapita njia walitazama huku, wakatazama kule, wakanyamaza. Ukimya wao ndio uliomtisha Mwandu.

Shemeji yake Mabula, mume wa dada yake, hakunyamaza.

"Shemeji, shamba lako limehamishwa."

"Limehamishwaje na mimi nimesimama juu yake?"

"Sisemi udongo. Nasema rutuba. Imevutwa ng'ambo. Na nyumba ile unajua yupo nani."

Alimaanisha bibi Nyamizi, mama yake Luhaga, kikongwe mwenye macho mekundu. Mwandu alijua macho ya namna hiyo yanasemwaje huku kwetu. Wapo vikongwe walioitwa wachawi, wakaponzwa na macho tu. Na bibi huyu ndiye aliyempokea Jenifer siku anazaliwa. Mwandu hakuamini maneno ya Mabula, ila kila akitazama ng'ambo, kutoamini kwake kulipungua kidogo.

"Niachie niitishe wazee," Mabula akasema.

"Subiri," Mwandu akajibu. Hakujua anasubiri nini.

Akamwita bwana shamba, kijana aitwaye Danford, ambaye wiki hiyo alikuwa akipitia mashamba ya pamba ya jirani. Danford akaja na pikipiki yake, akang'oa mche mmoja, akaugeuzageuza.

"Mayu," akasema, akimwita mama kwa Kisukuma, "mabua ya mwaka jana yalikwenda wapi?"

"Yaliliwa na ng'ombe wa Luhaga. Si ndiyo desturi? Ukishavuna, shamba ni la mifugo ya wote."

"Wakishakula wanalala wapi?"

"Zizini kwao."

"Na samadi ya zizi?"

"Anamwaga shambani kwake. Amwage wapi kwingine?"

"Basi ndiyo hiyo. Rutuba yako imehamia kwake."

Lilikuwa neno la Mabula, sasa linatoka kwa mtu wa serikali.

"Kwa hiyo ni kweli wameniibia?"

"Hapana, mayu. Imetembea ndani ya matumbo ya ng'ombe."

"Nani kaituma?"

"Hakuna aliyeituma. Hebu niambie, mavi yanayoanguka hapa shambani wakati wanakula, unayafanyaje?"

"Naokota, nakausha, napikia. Kuni ziko wapi?"

Danford akachuchumaa, akajaribu kumweleza. Alisema nguvu inayochemsha ugali ni ya jua: jua liliiweka kwenye majani, ng'ombe akayala, mavi yakabakiza kidogo, na yakichomwa nguvu hiyo imekwisha. Haidhuru, kesho jua litaleta nyingine. Lakini chakula cha udongo hakiletwi na jua. Hicho kinazunguka tu, kutoka udongoni kwenda kwenye mmea, kwenda tumboni, kurudi udongoni. Mabua ya Mwandu yalipelekwa kwa jirani, na kilichobaki alikiunguza mwenyewe. Majivu yalibakiza kiasi, kingine kikapanda na moshi.

Mwandu aliitikia kwa kichwa mpaka pikipiki ikaondoka. Halafu akagundua hajui ameitikia nini.

Jioni alikuwa akipuliza moto wa mavi makavu, moshi umejaa jikoni, Jenifer akamtazama.

"Mama, macho yako mekundu."

"Ni moshi."

Alipotamka hivyo mkono wake ukasimama juu ya sufuria. Bibi Nyamizi amepikia mavi tangu akiwa mwali. Kama rutuba ya shamba imepita kwenye moshi, na moshi ndio umeyafanya macho ya bibi mekundu, basi mchawi ni nani? Na macho yake mwenyewe je, miaka ijayo yatasemwaje? Alijaribu kulipanga jambo hilo kichwani likakataa kupangika. Alichobaki nacho ni aibu, na hofu.

Asubuhi akavuka njia.

"Mwangaluka, mayu," akasalimu, akapiga goti.

"Mwangaluka, mwanangu. Mbona siku nyingi?" Bibi akamsogezea kigoda. "Mahindi yako nimeyaona. Nilitaka kuja nikupe pole, nikaogopa watu watasema nimekuja kuyamaliza."

Mwandu akalia pale. Luhaga alipotoka zizini alimkuta hivyo, akadhani kuna msiba. Ilichukua muda kueleweka anaomba nini: baada ya mavuno, ng'ombe wakija kula mabua, walale hukohuko shambani kwake.

"Walale kwako? Wanyama wangu?" Luhaga akakuna kichwa. "Nani alikwambia?"

"Hata sijui nimeambiwa nini. Jaribu tu."

Bibi Nyamizi akasema, "Wapeleke." Yakaisha.

Kiangazi kile boma la miiba likasimama katikati ya shamba la Mwandu, likihamishwa kila baada ya siku kadhaa. Yeye akaacha kuchoma mavi, akapikia miti mikavu ya pamba kutoka mashamba ya jirani. Mvua ziliporudi, mahindi yakatoka kama nguo yenye viraka: kijani mahali ng'ombe walipolala, manjano kwingine. Wapo walionong'ona kwamba sasa Mwandu naye kafundishwa uchawi. Lakini Mabula alikuja na swali lingine.

"Shemeji, hao ng'ombe wanaweza kulala na kwangu?"

"Kamwombe bibi Nyamizi."

Mabula akaenda, akainama uani kwa kikongwe, akaomba.

Msimu huo magunia machache ya Mwandu yalipakiwa kwenye gari la Bariadi. Danford alikuwa pale, akamuuliza kama sasa ameelewa.

"Nilidhani nimeelewa," Mwandu akasema. "Ila haya yanayokwenda mjini, yakishaliwa huko, rutuba yake inarudi huku kwa njia gani?"

Danford akatazama gari linavyoondoka.

"Hiyo nayo, mayu," akasema, "sijui nikwambieje."