Kichagga Kimoja Tu

Sijui kama nitaeleza vizuri, maana shule yangu iliishia darasa la saba, na hapa maktabani kazi yangu ni kupanga vitabu kwenye rafu.

Maktaba yetu hii ya Moshi mjini ilikuwa inaingizwa kwenye mfumo mmoja wa kompyuta pamoja na maktaba nyingine, ili mtu wa Marangu au Chekereni atafute kitabu kwa simu na kujua kiko wapi. Kwa haki, ni jambo zuri. Dada aliyetumwa kutoka Dar kuufunga alikuwa mpole, ananiamkia shikamoo kila asubuhi.

Leo alikuwa anaondoa vitabu vilivyojirudia. Kompyuta ikisema nakala ni mbili, moja inatupwa kwenye boksi la karatasi chakavu. Gari la kulichukua lilishafika, dereva anapiga honi.

Juu ya boksi nikaona kijitabu cha hadithi za watoto cha Kivunjo, Kichagga cha upande wa Vunjo. Kwenye rafu kimebaki cha Kimachame, Kichagga cha kwetu Machame. Majalada yanafanana, jina la Kiswahili ni moja.

"Dada, hivi viwili si kitabu kimoja."

"Lakini mama, vyote Kichagga. Angalia."

Kweli, kwenye orodha ya lugha kulikuwa na Kichagga kimoja tu. Kompyuta isingejua zaidi ya hapo.

Nikamwita mwenzangu wa mapokezi, mzaliwa wa Kirua Vunjo, nikampa kile cha Kimachame asome. Alisoma kidogo, akaangua kicheko.

"Nyie wa Machame mnaongea kama mna ndizi ya moto mdomoni! Hapa nimeambulia neno mbuzi tu."

"Na nyie mkisalimiana tunadhani mnagombana."

Dada wa Dar alicheka, ila mkono haukutoka kwenye kipanya. Honi ikalia tena, safari hii ndefu.

"Naweza kuvitenganisha," akasema, "niandike Kivunjo na Kimachame kwenye jina la kitabu. Utaratibu haukubali, nitakuja kuulizwa. Kwa hiyo mama, niambie ukweli."

Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa pameandikwa: Una uhakika? Wote wawili wakanitazama mimi. Mimi wa Machame, Kivunjo nakisoma kwa kubahatisha. Huenda hadithi ni zilezile. Huenda mwenzangu alikuwa anatania, na huyu dada atagombezwa kwa ajili yangu.

"Mambo ya mfumo sina uhakika nayo," nikasema. "Ila mtoto wa Kirua akiletewa hiki kilichobaki, hatakielewa."

Akabonyeza Hapana, akaviandika kila kimoja na lugha yake.

Nikakichukua kile cha Kivunjo kwenye boksi. Chini yake kulikuwa na vijitabu vingine vya Kichagga, sikujua ni vya upande gani. Dereva alikuwa ameshaingia ndani, ameinama kulibeba.

Nikalikalia lile boksi.

"Mama, mimi nina safari," akasema.

"Najua, baba. Samahani sana," nikamwambia, na sikuinuka.